Kabla Hujalipa: Jinsi ya Kuikagua Saa ya Bei Ghali Nairobi

Mama mmoja alinijia mwezi wa Desemba na saa ndani ya kikasha cha kijani. Alikuwa amechanga pesa kwa muda mrefu amnunulie mumewe zawadi ya kustaafu. Hakuja kuipima. Alitaka nipunguze pingili mbili za cheni, maana mkono wa mzee ni mwembamba. Nilipoigeuza tu moyo wangu ukashtuka, nikamwomba ruhusa nifungue mgongo. Usoni iliandikwa Perpetual, yaani saa inayojitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono. Ndani ya ile kesi pana kulikuwa na mashine ndogo ya betri, kama kifungo cha koti, imezungushiwa plastiki nyeupe ili isichezecheze. Mama akaikodolea macho ile plastiki, kisha akaniuliza, "Fundi, hiyo nyeupe ni ya nini?"

Nimekaa kwenye meza ya fundi wa saa mjini hapa zaidi ya miaka ishirini, na watu wengi hunijia wakiwa wameshalipa. Ningependa waje siku moja kabla. Hatua hizi ndizo ninazozifuata mwenyewe, kuanzia zile zisizogharimu chochote hadi ile ya kumlipa fundi. Katika zote, shika jambo moja: unapoikagua saa, tafuta sababu ya kuikataa. Kasoro moja ya kweli inatosha kuikataa, lakini dalili kumi nzuri za nje hazitoshi kuikubali, kwa sababu mwigaji naye anazijua dalili hizo na ndizo anazozishughulikia kwanza.

Hatua ya kwanza: ijue saa kabla hujaiona

Usiende kuangalia "Rolex" au "Omega". Nenda kuangalia modeli moja, yenye nambari yake ya modeli, ambayo umeisoma nyumbani kwenye tovuti ya kiwanda chenyewe. Andika kwenye karatasi upana wake kwa milimita, inaendeshwa na nini (betri, kujitia ufunguo yenyewe, au kutiwa ufunguo kwa mkono), ina tarehe au haina, na vile vijiduara vidogo vya usoni vinapima nini.

Karatasi hiyo pekee inaangusha saa nyingi. Chukua Rolex Daytona, ambayo vijana wetu wanaipenda sana. Daytona halisi haina tarehe. Katika zile za miaka hii, kijiduara cha chini kinahesabu sekunde, cha kulia kinapima dakika hadi 30 na cha kushoto saa hadi 12, navyo hivyo viwili vya pembeni hufanya kazi ukibonyeza vitufe. Nimeletewa "Daytona" zenye kijiduara cha siku za wiki, Jumatatu mpaka Jumapili. Hiyo haihitaji lenzi wala fundi. Au chukua Omega Speedmaster Professional, ile waliyoivaa wanaanga wa Marekani mwezini mwaka 1969. Hiyo hutiwa ufunguo kwa mkono, tangu zamani mpaka leo. Muuzaji akikuambia inajijaza ukitembea, basi si hiyo anayoitaja. Shika nambari kamili ya modeli lakini, kwa sababu katika ukoo wa Speedmaster zimo pia zinazojitia ufunguo, na ni halali kabisa.

Hapa kuna kosa ninalolisikia kila wiki: kwamba saa ya kifahari haitumii betri. Si kweli. Cartier, Omega, TAG Heuer, Longines na Tissot wote wana modeli halisi za betri, na wapo waliozikataa saa nzuri kwa kutojua hilo. Rolex ndio walioacha saa za betri mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa hiyo Rolex ya leo ambayo mshale wake wa sekunde unaruka mara moja kila sekunde, irudishe mezani.

Na yale maneno Swiss Made chini ya uso? Sheria ya Uswisi tangu mwaka 2017 inataka angalau asilimia 60 ya gharama ya kuitengeneza saa itumike Uswisi ndipo iandikwe hivyo. Lakini ni wino tu, na wino unapatikana popote. Yasipokuwepo pale yanapotakiwa, kataa. Yakiwepo, endelea kukagua.

Hatua ya pili: bei, maelezo na picha

Rolex Submariner, ile saa ya kuzamia, ikiwa mpya dukani inazidi shilingi milioni moja, na iliyotumika haishuki bei kama gari. Mtu akikuuzia kwa elfu themanini kwa sababu anasafiri kesho, bei yenyewe imeshakujibu. Kuna hadithi tunazozijua wote hapa mjini: nimetoka Dubai, nina karo ya mtoto, ni ya marehemu baba. Nyingine ni za kweli. Niliwahi kuletewa Omega ya miaka ya sitini iliyoachwa na mzazi, na ilikuwa halisi kila kipande. Mwenyewe alimpa mnunuzi wiki mbili aikague apendavyo. Mwenye haraka ya kukutoa pesa jioni hiyohiyo ndiye wa kuogopwa.

Sikiliza pia majina. "Masta kopi", "kopi ya daraja la kwanza", "AAA" na mengine yote ya jamaa hiyo maana yake ni moja: bandia. Hakuna daraja la bandia linalokaribia uhalisi kwa nusu.

Saa ikitangazwa mtandaoni, usitumie nauli kabla ya kuomba picha moja ya pekee. Mwambie muuzaji atege mishale kwenye saa nane na dakika ishirini na tatu, aiweke saa juu ya karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo, kisha apige picha ya uso na ya mgongo. Picha za matangazo karibu zote zina mishale kwenye saa nne na dakika kumi, kwa sababu hapo nembo inaonekana vizuri, kwa hiyo aliyeiba picha kwenye intaneti hawezi kukupa unayoitaka. Anayeishika saa mkononi hatatumia hata dakika tano. Akikuzungusha siku tatu, mwache.

Hatua ya tatu: ishike mchana

Kutaneni mchana, mahali penye watu na mwanga wa dirishani. Mkahawa wa Westlands au wa katikati ya mji unafaa. Ndani ya gari kwenye maegesho usiku hapafai, hata kama muuzaji ni mtu wa heshima.

Uzito watu wanausifu kupita kiasi. Ndiyo, saa nyepesi kama mfuniko wa soda ni mbaya, lakini waigaji walishajifunza kutia chuma. Mimi huanza na vidole. Pitisha kidole kwenye kingo za cheni na chini ya kesi. Chuma kilichomalizwa vizuri hakikwaruzi popote. Fungua na kufunga kibanio mara kadhaa. Kisha fungua kichwa cha ufunguo pembeni. Kwenye saa za kuzamia hufunguka kwa kuzungushwa kama skrubu, na kikirudishwa kinashika mara moja, laini. Kikisaga kama kina mchanga, au kikikataa kushika mpaka ukilazimishe, hiyo ni alama mbaya.

Sasa utazame mshale wa sekunde. Mashine nyingi za kisasa zisizo za betri hupiga mara 28,800 kwa saa moja, yaani hatua nane kila sekunde, ndiyo maana mshale unaonekana kuteleza. Wengi huishia hapo: "Fundi, inateleza, ni orijino!" Sivyo. Mashine ya bei nafuu isiyo ya betri nayo hutelezesha mshale. Kuruka kila sekunde kunaweza kukufanya uikatae saa, kuteleza hakuwezi kukufanya uikubali.

Kwenye Rolex Datejust, vuta kichwa, sogeza mishale mbele mpaka ipite saa sita usiku, huku ukiangalia dirisha la tarehe. Kwenye zile za miongo ya karibuni, tarehe hubadilika kwa mruko mmoja, pap. Kwenye bandia nyingi namba hujikokota, nusu ya jana na nusu ya leo zikionekana pamoja kwa muda.

Hatua ya nne: lenzi ya jicho

Nunua lenzi ndogo ya kukuza mara kumi, kama ile tunayoibana jichoni sisi mafundi. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na unachotaka kununua. Ishike karibu kabisa na jicho, kisha ulete saa kwenye lenzi mpaka picha itulie.

Anza na maandishi ya uso. Kwenye saa halisi kila herufi ina kingo zilizonyooka, na wino umekaa juu ya uso kama umemwagwa kwa kipimo. Kwenye bandia utaona kingo zenye manyoya, herufi moja nene kuliko jirani yake, au mstari uliopinda kidogo. Kisha tazama alama za saa: je, zinaelekea katikati zote? Je, rangi ya kung'aa gizani imejaa hadi ukingoni bila kumwagika? Kiwanda kinachouza saa kwa milioni hakiruhusu tone lililovuka mpaka.

Lenzi ndogo iliyobandikwa juu ya tarehe ya Rolex hukuza mara mbili na nusu. Tarehe inatakiwa kulijaza dirisha. Ukiiona ndogo, imezungukwa na weupe mwingi, shaka yako ni ya haki. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, Rolex pia huchora taji dogo ndani ya kioo, chini kabisa, upande wa namba sita. Ni dogo kiasi kwamba hata kwa lenzi utahangaika kuliona mpaka uinamishe saa kwenye mwanga. Mwigaji huogopa usilione, kwa hiyo hulichora kubwa. Taji unaloliona kwa macho matupu ukiwa umekaa tu ni taji la kutilia shaka. Kwenye ukuta wa ndani unaouzunguka uso, modeli nyingi za miaka ya karibuni zina jina la kampuni likijirudia, na nambari ya saa upande wa namba sita. Michoro hiyo ni mikali na imesimama sawa na alama za dakika.

Kila kampuni ina siri yake, na hapa ndipo kazi ya kuisoma modeli nyumbani inapolipa. Cartier huficha jina lake kwa herufi ndogo mno ndani ya mguu wa moja ya namba za Kirumi, mara nyingi VII au X. Audemars Piguet Royal Oak, iliyozaliwa mwaka 1972, ina skrubu nane kwenye pete ya mbele. Vichwa vyake vina pembe sita, vimekaa kwenye mashimo ya umbo hilohilo kwa hiyo havizunguki, na mifereji yake imepangwa kufuata mzingo wa pete. Nimewahi kushika moja ambayo kila mfereji ulielekea kwake, kama meno ya mtoto. Hizo zilikuwa skrubu za kawaida zilizokazwa kwa bisibisi.

Ikiwa ni ya dhahabu, tafuta chapa ya 750, yaani karati 18, na kichwa kidogo cha mbwa aina ya Saint Bernard, ambacho ndicho muhuri rasmi wa Uswisi tangu mwaka 1995. Halafu angalia pembe za cheni pale inaposuguana na shati. Dhahabu kamili ikisuguka inabaki dhahabu. Iliyochovywa huonyesha chuma cheupe au shaba chini yake. Sonara yeyote wa kuaminika anaweza kukupimia dhahabu bila kuikata.

Mgongo nao usiupite. Submariner yenye mgongo wa kioo, unayoiona mashine ikizunguka, haipo. Rolex wameweka mgongo wa kioo kwenye modeli chache tu, na Submariner haimo.

Hatua ya tano: ifunguliwe mbele yako

Hapa ndipo ukweli ulipo, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoona haya. Wanaogopa kumwudhi muuzaji. Ndugu yangu, dada yangu, mtu anayekuuzia kitu cha laki kadhaa hana haki ya kukasirika ukitaka kukiona. Chagua fundi wewe mwenyewe, wala usikubali kupelekwa kwa "fundi wangu" wa muuzaji. Mtafute mwenye vifaa vya kufungulia migongo ya kuzungushwa, maana Rolex na wengine hutumia mgongo wenye meno madogo unaohitaji kifaa chake maalumu. Fundi akiinua kisu cha mezani, chukueni saa muondoke.

Mgongo ukitoka, angalia kwanza nafasi. Kwenye saa ya daraja la Rolex, mashine halisi imetengenezewa kesi hiyo na inaijaza, au imeshikwa na pete ya chuma iliyomalizwa vizuri. Kwenye saa kama hiyo, plastiki nyeupe ya kuziba pengo, kama ile ya yule mama, imemaliza mjadala. Kisha soma maandishi kwenye mashine: jina la kampuni na nambari ya mashine, iliyo sawa na uliyoiandika kwenye karatasi yako.

Kwenye Rolex za wanaume za miongo ya karibuni mimi hukimbilia gurudumu la mizani, lile linaloyumba huku na huku. Mwendo wake hurekebishwa kwa nati ndogo sana zilizofungwa kwenye gurudumu lenyewe. Hakuna kimkono cha kusukuma mbele na nyuma. Mashine nyingi za bandia zina kimkono hicho juu ya gurudumu, mara nyingine na alama za kujumlisha na kutoa kando yake. Mwambie fundi akuonyeshe mahali hapo hasa, akupe lenzi uone mwenyewe.

Mwambie pia aiweke saa kwenye mashine ya kupimia mdundo, kile kisanduku chenye maikrofoni kinachosikiliza saa. Kwa dakika chache kitakuonyesha inapiga mara ngapi kwa saa na inakimbia au kuchelewa sekunde ngapi kwa siku. Saa unayojua inapiga 28,800 ikionyesha 21,600, mashine iliyomo ndani si yake. Sekunde zenyewe usizitumie kama hukumu: tangu 2015 Rolex hujiwekea kipimo cha kutozidi sekunde mbili mbele au nyuma kwa siku, lakini saa halisi isiyofanyiwa huduma kwa miaka mingi inaweza kupotea zaidi ya hapo.

Lazima niseme wazi kwamba zipo kopi za siku hizi zinazoiga hata mashine ya ndani, rangi na maandishi yake. Kwa hizo, fundi wa kawaida kama mimi anaweza kukuambia "hii ni bandia" kwa uhakika, lakini kwa saa ya mamilioni sitakuwekea sahihi kwamba ni halisi bila kuipeleka kituo cha huduma kilichoorodheshwa kwenye tovuti ya kampuni. Usiaminishwe na tovuti zinazodai kuthibitisha nambari ya Rolex. Kampuni haijaiweka orodha hiyo wazi kwa umma.

Kwa saa kuukuu kuna hatari nyingine: mashine halisi, kesi halisi, lakini uso umepakwa rangi na kuandikwa upya. Ukiona uso unang'aa kama wa jana kwenye kesi iliyochakaa, au nukta za dakika hazikutani na alama za saa, bei inapaswa kushuka sana, na muuzaji alipaswa kukuambia.

Saa ikishafungwa, kumbuka kuwa imefunguliwa. Ipimwe kama inazuia maji kabla hujaivaa kuogelea. Muuzaji akikataa isifunguliwe kwa sababu bado ina dhamana, sababu hiyo inaeleweka. Basi mwende pamoja kwenye huduma ya kampuni. Akikataa vyote viwili, rudi nyumbani na pesa zako.

Hatua ya sita: karatasi

Kikasha na kadi hughushiwa kwa urahisi kuliko saa, kwa hiyo viangalie mwisho. Nambari ya kadi ilingane na ya kwenye saa, tarakimu kwa tarakimu. Risiti ya dukani ni bora kuliko kikasha kizuri. Kwa saa za zamani, Longines na Patek Philippe wanaweza kukutolea taarifa kutoka kwenye kumbukumbu zao kwa nambari ya saa yako, na ikiwa saa ni ya thamani, kungoja majibu yao kunafaa.

Nambari iliyokwaruzwa hadi isisomeke inaweza kuwa ishara ya saa ya wizi. Hata kama saa ni halisi, kupatikana na mali ya wizi kunaweza kukupeleka mahakamani.

Hatua ya saba: malipo

Lipa palepale saa ilipokaguliwa, ikiwa bado mezani. Kuna mchezo wa zamani hapa mjini: unaonyeshwa halisi, inakaguliwa, inarudishwa kwenye kikasha, na unachobeba nyumbani ni pacha wake. Tangu fundi aifunge, isiondoke machoni pako.

Andikeni makubaliano mafupi: jina la modeli, nambari ya saa, maneno "ni halisi", bei, tarehe, majina na nambari za vitambulisho, sahihi zenu na ya shahidi mmoja. Sheria ya Kenya ya mauzo ya bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha ulielezwa nini. Lipa kwa benki au M-Pesa ili kuwe na kumbukumbu, na usome jina la mpokeaji kabla hujamaliza. Lisipolingana na kitambulisho kilicho mbele yako, simama.

Na ikiwa ulishanunua na fundi amekuonyesha ile plastiki nyeupe, usifute ujumbe wowote wala kumpigia muuzaji kwa hasira. Hifadhi picha za mazungumzo, ujumbe wa malipo na tangazo lenyewe. Mwombe fundi apige picha ya mashine ikiwa wazi, aandike alichokiona na tarehe. Mwandikie muuzaji umtake arudishe pesa kwa siku unayoitaja. Akinyamaza, nenda polisi, na uripoti pia kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2008. Saa yenyewe usimuuzie mwingine kama halisi ili kuziba hasara, kwani hapo kosa litakuwa lako.

Yule mama tulifuata njia hiyo. Alikuwa bado na ujumbe wote kwenye simu, hakuwa amefuta hata mmoja, na muuzaji alipoona barua yenye picha za ile mashine alirudisha pesa kwa mafungu matatu. Mwezi wa Machi alirudi kwangu na mzee mwenyewe, wakiwa na Tissot ya betri waliyoinunua dukani kwa risiti. Nikapunguza pingili mbili.